Ringi ya Majengo Ilivyofika Butembo

Niliporudi mliniuliza wote kwa pamoja pale bombani, "Masika, safari iliendaje?" Nikajibu "Muzuri," nikainua bido langu la maji, nikaondoka. Mnanijua. Mkiwa wengi, mdomo wangu unakuwa mdogo. Lakini "muzuri" haitoshi kwa safari ile, basi nimeandika. Pokezaneni karatasi hizi, na mtakaocheka mchekee mbali nami. Habari za picha na vibali vya mpakani naziruka, hazina utamu.

Kutoka Majengo mpaka bariere

Ringi ya basketi ya uwanja wetu wa parokia hapa Goma mnaikumbuka. Tangu wakimbizi walipojaa mpaka uwanjani, chini yake palikuwa na vibanda vya maturubai, na kwenye chuma chenyewe akina mama walianika nguo za watoto. Huko Butembo, kaka yangu Kambale, aliyekimbia vita Kanyabayonga pamoja na wanafunzi wake, alikuwa na uwanja usio na ringi. Parokia moja ilimwazima kipande cha ardhi ili watoto waliokimbia wapate pa kuchezea. Akasimamisha mti wa mkaratusi, akapigilia ubao. Halafu akina mama wa parokia wakaanza kunung'unika: ardhi nzuri vile inalala bure, si ingelimwa kabichi za kuwalisha hao hao watoto? Padri akakata maneno. Jumapili, kabla ya kengele ya saa sita, anataka kuona mpira unapita ndani ya ringi. Usipopita, majembe yanaingia.

Shangazi Kavira alimfokea Kambale kwenye simu kwa sauti ya kusikika mpaka mtaa wa Katindo. "Butembo yote hakuna fundi wa kuchomelea chuma?"

Kambale akasema anataka ile ya Majengo. Hakutoa sababu, na Shangazi hakuuliza mara ya pili.

Kiongozi wa wakimbizi aliifungua mwenyewe. "Hapa tuko na ringi, hatuna pahali pa kucheza. Kule bako na pahali, habana ringi. Beba, binti." Wale akina mama walioanika nguo wakatusukia na wavu, wa buluu na mweupe, kwa sachets, mifuko ile ya plastiki, zilizosokotwa kama watoto wanavyosokota mipira. Mimi nilisema asante kwa kuangalia chini.

Barabara ya kaskazini, ya kupitia Rutshuru, ilikuwa imefungwa na vita. Kwa hiyo kwenda Butembo, katika mkoa wetu huu huu, ilibidi tutoke Congo, tuvuke Rwanda, tuvuke Uganda, halafu tuingie tena Congo kwa mlango wa Kasindi. Shangazi anauza vitenge njia hiyo na anaijua kama jiko lake. Alichukua formaji nzima ya Masisi, jibini la duara, ya zawadi, akaiweka katikati ya ringi. Ikaingia kana kwamba ilipimwa. Akafunga vyote kwa kitenge, akajitwika kichwani, tukaenda.

Upande wa Gisenyi ofisa akafungua kitenge.

"Mama, sachets haziingii Rwanda."

"Sachet iko wapi, papa? Huu ni wavu."

Akasugua uzi mmoja kati ya vidole. Ulilia kama sachet. Watu wa Goma wote tunajua sheria hiyo, tunazitoa sachets mifukoni kabla hata ya kuiona bariere ya mpakani. Lakini machoni petu zile zilikuwa zimeshageuka wavu, hatukukumbuka zilivyokuwa kabla. Ofisa hakuwa na ubaya. Alisema "pole" na akauweka kando.

Nyuma yetu alisimama muzee mmoja mwenye koti la Jumapili, ingawa ilikuwa Alhamisi. Alitikisa kichwa kwa huzuni kama mtu aliyefiwa.

"Ringi bila wavu," akasema. "Sasa mutajuaje kama mupira umepita?"

Huyo ndiye Papa Cirhuza. Ni Mushi wa upande wa Bukavu, mtoto wa ziwani, aliyekuwa karani na sasa amestaafu, anakaa mtaa wa Murara. Alikuwa akienda Butembo kumwona mjukuu aliyezaliwa. Tangu hapo hakutuacha tena, na ninyi mtakapomaliza kusoma mtaona ilikuwa heri na ilikuwa balaa.

Kutoka Gisenyi mpaka Kisoro

Ndani ya basi Papa Cirhuza aliketi kati yetu, akauliza jambo ambalo lilitufuata mpaka mwisho.

"Binti, weye unabeba ringi. Basi sema. Katika mapivo bote bakubwa ba basketi ya malipo, mukubwa kuliko bote ni nani?"

Nikaangalia dirisha. Milima ya Rwanda ilikuwa ya kijani na imepangwa kama nywele zilizosukwa.

"Mutoto anaona haya," Shangazi akasema. "Pivo ni nani kwanza?"

"Yule murefu anasimama katikati, karibu na ringi, bote banamugonga."

Shangazi akanitazama kuanzia magoti, ambayo hayakutosha kwenye kiti, mpaka kichwa. "Kumbe tuko naye."

Mnajua mnavyoniita, Poto ya Umeme, kama nguzo ile ya nyaya. Nilijikunja zaidi.

Papa Cirhuza hakungoja jibu langu. Yeye ni mtu wa yule ambaye sisi Majengo, kwa muchaji wa simu tunakotazama video, tunamwita Muzee wa Pete, yule wa zamani aliyeshinda ubingwa mpaka pete zikazidi vidole vya mikono yake. "Mukubwa ni mwenye kushinda. Mengine ni nyimbo." Kijana wa kiti cha mbele akageuka. Yeye alikuwa wa Mwenye Miwani, aliyetupa mpira juu kwa mkono mmoja kama anachuma parachichi. Mama aliyebeba kuku akasema hajui basketi, lakini kama ni kushinda, basi hata askari wanashinda na hakuna anayewapenda. Basi lote likacheka, kuku naye akapiga kelele.

Mimi nilikuwa na jibu langu. Nikabaki nalo.

Kule Cyanika tulivuka kwa miguu kuingia Uganda, chini ya mlima Muhabura. Ofisa mnene akafungua kitenge, akaona chuma, akaona formaji katikati.

"Hii chuma ni ya nini?"

Shangazi amechoka na maofisa tangu ujana wake. Akajibu haraka, "Ni kipimo cha formaji."

"Kipimo?"

"Eeh. Formaji ya Masisi lazima itoshe hapo. Isipotosha si ya Masisi."

Ofisa akaridhika. Akaita wenzake waje waone kipimo. Wakaja na kisu. Ikabidi formaji ionjwe, kuhakikisha kama ladha nayo inatosha, na ladha ilitosha sana. Robo ilikuwa imekwisha na kisu kilikuwa kinarudi. Hapo nikasikia sauti ndogo ikisema, "Ni ringi ya basketi." Ilikuwa yangu.

Kisu kikasimama. Nilifikiri tumekwisha. Yule mnene akaichukua ringi, akaipuliza vumbi, akaiinua juu ya kichwa chake.

"Basketi! Kwa nini hamkusema? Mimi nilikuwa pivo shuleni!" Akampiga mwenzake kiwiko. "Haya, nani mkubwa kuliko wote? Ni Tingatinga! Yule aliyening'inia mpaka ubao ukavunjika!"

"Kuvunja mali ya batu ni ukubwa?" Papa Cirhuza akauliza, na koti akalivua.

Walibishana mpaka mstari nyuma yetu ukaanza kupiga miluzi. Tulipoondoka, ofisa alitukimbilia na ndizi za kuchoma, kwa ajili ya njia. Tukafika Kisoro. Shangazi akasema, "Kumbe ukweli nao unalipa," akanimenyea ndizi.

Kutoka Kabale mpaka Kasese

Tulilala Kabale, kwenye baridi ya kung'ata masikio. Asubuhi tulikula chapati iliyoviringwa na mayai, nikala mbili, na Papa Cirhuza akarudi kutoka sokoni na furushi la kamba za katani.

"Nitasuka wavu," akatangaza. "Baba yangu alikuwa muvuvi. Vidole havisahau."

Ndani ya basi lililofuata akafunga mwanzo wa kamba kwenye ringi, ringi akaniwekea mapajani, mimi nikawa kama kigingi. Akasuka. Ningependa muone vidole vile! Vinapita, vinazunguka, vinavuta, na fundo limekaa. Kila fundo na hoja yake. "Muzee wa Pete alizuia mupira"—fundo—"lakini hakuupiga inje kwa kujionyesha"—fundo—"aliuacha ndani ili mwenzake aukamate."

Kambale akapiga simu kuuliza tumefika wapi. Shangazi akafungua sauti wote tusikie, na Papa Cirhuza akamtupia swali lake.

"Papa," Kambale akapaza sauti, "hamuna mwingine kuliko Kidole! Mukongomani wetu! Anazuia mupira, halafu anatikisa kidole: hapana, hapana, kwangu haupiti!"

"Huyo unamupenda sababu ya damu!"

"Na weye unamupenda wako sababu ya uzee!"

Nilicheka kimya mpaka machozi. Halafu Kambale akasema kwa sauti nyingine, "Masika, mama ba kabichi bameleta miche tayari. Bameiweka chini ya muti wangu. Fikeni." Simu ikakatika.

Ilikuwa Ijumaa. Basi likaharibika tairi mbele kidogo, na dereva akaenda kutafuta jeki kwa mtu aliyekuwa msibani. Tuliketi majanini, tukatazama ng'ombe wenye pembe ndefu nao wanatutazama. Papa Cirhuza akaendelea kusuka. Mimi nilikuwa nawaza miche ya kabichi.

Kutoka Mpondwe mpaka Kasindi

Kuanzia Kasese maneno ya watu yalianza kufanana na ya kwetu. Wakonzo wa kule na sisi Wanande ni ndugu, mlima tu umekaa katikati. Hata majina ni yale yale, ya kufuata kuzaliwa. Wa kwanza wa kiume ana jina lake, wa pili lake, na wasichana vivyo hivyo. Nilifurahi kama mtu aliyenusa mboga ya mama yake.

Jumamosi asubuhi, Mpondwe, kwenye mpaka wa mwisho, ofisa kijana akasoma jina langu akatabasamu.

"Masika. Msichana wa kwanza. Unakwenda kwa nani?"

"Kwa kaka yangu Kambale."

"Kambale, wa pili. Na wa kwanza yuko wapi? Paluku wenu?"

Hakujua. Kwetu ukitaja wa pili umemwita na wa kwanza, huwezi kumficha. Shangazi akafungua mdomo, nikamtangulia, sijui kwa nini.

"Alikufa. Vita ya Kanyabayonga. Ringi hii ni yake. Yaani, ni ya parokia, lakini yeye ndiye alikuwa anaichezea."

Ninyi mliomwona Paluku akicheza, mnajua sababu ya Kambale kutaka chuma hiki na si kingine.

Ofisa aligusa ringi kwa vidole viwili. "Mimi ndiye Baluku wa nyumbani kwetu," akasema, maana wao hilo jina wanalitamka hivyo. Hakufungua mizigo mingine. Alitusindikiza mwenyewe mpaka kwenye daraja, akiwa amembebea Shangazi ringi, na alipoirudisha akasema, "Mwambie mdogo wangu Kambale aifunge vizuri."

Tukaingia Kasindi. Papa Cirhuza akaniuliza pole pole, "Huyo Paluku, pivo yake ilikuwa nani?"

"Muvivu," nikasema.

"Nani?"

Lakini watu walikuwa wameanza kukimbia huku na huku. Barabara ya Kasindi kwenda Beni ina mashaka ya vita, magari yanakwenda kwa msafara, askari mbele na nyuma. Msafara wa Jumamosi ulikuwa umeahirishwa mpaka kesho yake. Tulilala matumbo yamejaa bukari, ugali wetu wa muhogo, na samaki wa ziwa Edward, sikatai, yule samaki alikuwa wa kuandikiwa ukurasa wake peke yake. Ila kila nilipomeza niliona jembe.

Msafara ulitoka Jumapili alfajiri. Tulikaa juu ya magunia ya chumvi ndani ya kamyo. Kila gari liliposimama, watu walinyamaza. Liliposogea, waliimba. Papa Cirhuza alifunga fundo la mwisho tukikaribia Beni, akauinua wavu. Kamyo zima likapiga makofi. Hakuna hata mmoja kati yetu, na mimi nikiwemo, aliyeutazama vizuri.

Butembo

Beni tulichukua pikipiki, kila mtu na yake, Shangazi mbele na ringi imevaliwa begani kama mkoba. Barabara ya Butembo ni vumbi jekundu na miti ya mikaratusi. Tulifika misa imekwisha. Uwanja ulikuwa umejaa watoto upande mmoja, na upande mwingine akina mama wenye majembe mapya. Kiongozi wao, Mama Zawadi, alikuwa amejifunga kitenge kiunoni tayari. Katikati alisimama padri.

Kambale alinikumbatia. Yeye ni mfupi, alimfuata mama kwa kimo, kichwa chake kilinifika kifuani. Hakuchelewa. Alipanda ngazi na nati mdomoni, akafunga ringi, akaivuta, akaning'inia, ikakaa. Watoto wakalia kwa furaha. Ngazi ikarudi kwa mwenyewe, jirani aliyekuwa akipaua nyumba na aliyekwisha kusimama mlangoni akiidai.

"Bado," akasema Mama Zawadi. "Mupira upite."

Kambale akarudi nyuma, akapima, akarusha. Mpira ukaenda juu, ukashuka katikati ya chuma bila kugusa upande. Tukaruka wote. Tulipotua, mpira haukuwepo chini.

Ulikuwa umekaa ndani ya wavu, umetulia kama yai.

Papa Cirhuza akashika kichwa. Mtoto wa ziwani, vidole vyake havikusahau kitu. Aliusuka wavu kama alivyofundishwa na baba yake, akaufunga chini ili samaki wasitoke.

Mama Zawadi alicheka mpaka akaegemea jembe. "Hiyo si basketi, ni mutego! Padri, mupira umepita?"

Padri alikuwa anapigana na kicheko. "Umeingia," akasema. "Kupita, bado. Na kengele iko karibu."

Kambale akaruka, hakufika. Watoto wakarusha mawe, mpira ukakaa. Wakakata fimbo, ikavunjika. Kisha nikaona macho yanageuka, moja moja, yananipanda kutoka magotini mpaka kichwani. Shangazi hakungoja. Alileta chukudu, lile gari la mbao la kusukuma, la magurudumu mawili, lililobeba miche. Akaishusha miche chini, akashika usukani. "Panda."

Nikapanda. Kambale alishika upande mmoja. Nikajinyoosha. Sikumbuki lini nilikuwa nimejinyoosha hivyo mbele za watu. Vidole vyangu vikafika kwenye mafundo.

Ni mafundo ya wavuvi, hayafunguki kwa kuombwa. Nikakwaruza, nikavuta. Chini, Papa Cirhuza kwa aibu yake akataka kubadilisha mazungumzo.

"Binti, hukumaliza kusema. Muvivu ni nani?"

Kambale akageuka. "Muvivu? Yule muzungu munene? Masika, usimuanzishe huyo. Haruki! Ukiweka gazeti chini atalizunguka!"

"Anakimbia kama mama mwenye ndoo kichwani!" mtoto mmoja akadakia. Wote wakacheka, hata padri.

Sijui kama ni urefu ule, au mikono kuwa juu na kushindwa kuficha uso. Nilisema, na nilisema kwa sauti.

"Munahesabu pete alivaa huyu, mbao alivunja yule, vidole alitikisa yule mwingine. Nani anahesabu mara wenzake walifunga sababu yake?" Fundo moja likalegea. "Haruki, aruke ya nini? Aruke aende wapi? Anasimama katikati, bote banamupiga mugongo, na anaona mpaka nyuma ya kichwa. Anapeleka mupira pahali mwenzake hajafika bado. Mwenzake anafika, anaukuta."

"Lakini kuzuia..." Kambale akasema.

"Ngoja, sijamaliza! Paluku alikuwa ananifanyia vile. Miye nilikuwa nakimbia pembeni kwa kuogopa batu, sikuomba mupira hata siku moja. Nilikuwa nafika tu mwisho wa kukimbia, nakuta mupira unaningoja. Sasa weye niambie, kati ya Kidole na huyo, nani angenipa mupira miye?"

Kambale aliinua uso. Alikuwa anatazama ringi na anatabasamu, macho yamejaa maji.

Nikaendelea. Nilimjibu Papa Cirhuza kuhusu pete, nikamjibu ofisa wa Cyanika ambaye hakuwepo, nikamjibu na yule kijana wa Mwenye Miwani wa ndani ya basi la Rwanda. Nilieleza kwa mkono mmoja, wa pili umeshika chuma. Nilipotazama chini, watoto walikuwa wakikimbizana na mpira uwanja mzima, padri ameinua kanzu na kuwafuata. Mama Zawadi alikuwa anapanda kabichi zake pembeni ya uwanja, mstari mmoja, kando ya ukuta, na kengele ilikuwa inalia.

"Mupira umetoka saa ngapi?" nikauliza.

"Zamani, kabla ya kengele," Shangazi akasema, bado ameshika usukani wa chukudu. "Weye ulipofika kwa Muzee wa Pete, mupira ulikuwa unadunda tayari. Tulikuacha useme."

"Hapana, hapana!" Papa Cirhuza alikuwa ametupa koti lake juu ya miche. "Kuhusu pete hujanijibu! Shuka hapa tubishane vizuri!"

"Sishuki, papa," nikasema. "Weye panda."